Kovu na Karatasi: Shauri la Wazee wa Kenya Mjini London

Somo letu la historia leo lahusu wazee wa Kenya walioidai Serikali ya Uingereza fidia kwa maumivu waliyoyapata zaidi ya miaka 50 nyuma. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: fidia na ushahidi. Fidia ni malipo apewayo mtu aliyeumizwa. Ushahidi ni kila kitu kinachomwezesha jaji, ambaye siku ile hakuwapo, kujua jambo lilivyotokea.

Serikali ya koloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba, 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Hali hiyo ilidumu mpaka Januari 1960. Maelfu ya watu walitiwa kambini bila kuhukumiwa. Wengi walipigwa. Wako wanaume waliohasiwa, na wako wanawake waliotendewa mambo ambayo sitayaeleza hapa redioni.

Mwaka 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya London. Mtauliza, mbona walingoja hivyo? Sababu moja ni hii: Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 2003. Mtu atakwendaje kudai kwa jina ambalo sheria ya nchi yake yalikataza? Lakini sheria ya Uingereza, kwa kawaida, humpa aliyeumizwa miaka 3 tu ya kufungua dai lake.

Sasa fikirini pamoja nami. Mzee anasimama, anaonyesha kovu. Kovu lasema kwamba mtu huyu aliumia. Halisemi ni siku gani, wala ni nani aliyempiga, wala kwa amri ya nani. Serikali ya Uingereza ilijibu kwanza kwamba madai ya namna hiyo yalihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba, 1963. Jaji McCombe alikataa kulifuta shauri kwa sababu hiyo mwezi Julai, 2011. Ndipo serikali ikatoa hoja ya pili: muda umepita mno, na mashahidi wengi wamekufa. Kwa maoni yangu, hoja hii ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza.

Kilichowaokoa wazee ni karatasi. Mwaka 1961 waziri wa makoloni aliagiza kwamba karatasi ambazo zingeiaibisha Serikali ya Uingereza zisiachwe kwa serikali mpya za nchi zitakazopata uhuru. Nyingine zilichomwa moto. Nyingine zilipelekwa Uingereza, zikafichwa huko miaka mingi. Mwanahistoria David Anderson aliieleza mahakama kwamba majalada hayo lazima yawe mahali fulani. Januari 2011 serikali ikakiri: majalada kama 1,500 ya Kenya, katika masanduku kama 300, yalikuwa Hanslope Park, jengo la serikali lililo nje ya London. Hebu fikirini, masanduku 300!

Karatasi za serikali ya koloni zilionyesha kwamba wakubwa walijua. Mwezi Juni, 1957, Mwanasheria Mkuu wa Kenya alimwandikia Gavana akieleza jinsi watu walivyokuwa wakipigwa katika kambi za Mwea, na jinsi jambo hilo lilivyopaswa kuendeshwa kwa siri.

Tazameni pia kambi ya Hola. Tarehe 3 Machi, 1959, watu waliokataa kufanya kazi walipigwa, na 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Lakini madaktari waliwachunguza maiti, wakaandika kwamba walikufa kwa mapigo. Hakuna aliyeshitakiwa, hilo ni kweli na ni jambo la huzuni. Hata hivyo maandishi yale ya madaktari yalibaki. Mmoja wa wazee walioshitaki London alikuwa Hola siku ile, akapigwa mpaka akazimia.

Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba shauri la wazee watatu laweza kusikilizwa kwa haki ingawa muda mrefu umepita, kwa kuwa maandishi ya wakati ule yalikuwa mengi. Tarehe 6 Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilisema bungeni kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228.

Lakini wako wengine, zaidi ya 40,000, walioleta shauri lao baadaye. Lilianza kusikilizwa mwaka 2016 mbele ya Jaji Stewart, na mwaka 2018 likatupwa. Jaji aliona kwamba baada ya miaka mingi hivyo shauri haliwezi tena kusikilizwa kwa haki. Wengi wao walikuwa wazee sana, na hawakupata hata senti moja.

Sasa tufanye kazi ya darasa. Fungueni madaftari. Kila mtu afikiri kwamba leo asubuhi lori limemgonga njiani. Andikeni tarehe, saa, mahali, namba ya lori, na majina ya watu wawili walioona. Kisha andikeni fomu ya polisi mtakayoomba ili daktari aijaze: katika Kenya ni P3, katika Tanzania ni PF3. Mwisho andikeni mtakapoweka cheti cha hospitali, ile karatasi yenyewe. Asiyeweza bado kuandika haraka amwambie jirani yake, naye amwandikie. Kisha asomewe yote kabla ya kutia sahihi au dole gumba.