Waturkmeni na fedha ya kuvaa

Kiswahili chetu kina neno moja, fedha, kwa vitu viwili: yale madini meupe yanayong'aa, na zile noti tunazozihangaikia usiku na mchana. Waturkmeni wa Asia ya Kati wangetuelewa haraka. Kwao, karne ya 19, sarafu za Uajemi, za Bukhara na baadaye za Warusi ziliingia kwenye moto wa sonara zikatoka bangili.

Jamani, msifikirie vile vidude tunavyonunua Kariakoo. Nazungumzia mzigo! Asyk ni bamba kubwa lenye umbo la moyo, linaloning'inia mgongoni juu ya misuko ya nywele. Bilezik ni bangili pana za safu kadhaa, zinafunika mkono kama ngao. Gupba ni kikofia cha kuba cha msichana. Bibi harusi aliweza kubeba kilo kadhaa. Na kwa nini asibebe? Watu wa kuhamahama na mahema hawana ghala wala benki. Akiba ilikaa mwilini mwa mwanamke, naye akaenda nayo.

Nimezitazama sana picha za kazi za Wateke, na kwangu mimi hizo ndizo kiboko. Sonara wao, zergar, alichanganya dhahabu na zebaki mpaka ikawa kama uji mzito, akaipaka juu ya fedha, akaichoma. Zebaki ikapaa, dhahabu ikang'ang'ania. Mvuke ule ni sumu, na aliyeinama juu yake ni yeye mwenyewe. Mwisho akapachika akiki nyekundu. Wayomut wao walipendelea kubandika vibati vidogo vilivyopakwa dhahabu. Kuna pia tumar, bomba la fedha la kutilia dua. Mtu wa pwani yetu au wa Oman hahitaji kuelezwa, hiyo ni hirizi.

Sasa historia yenyewe. Januari 1881 jeshi la Urusi chini ya Jenerali Skobelev liliiteka ngome ya Gökdepe. Maelfu ya Wateke waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na askari wakapora. Miaka ya 1930 ukaja ujamaa wa Kisovieti: mifugo ikachukuliwa, na maduka ya serikali yaliyoitwa Torgsin yakawa yanawapa wananchi wenye njaa chakula kwa dhahabu na fedha zao. Mapambo yakarudi kwenye moto, safari hii bila sonara.

Yaliyosalia mengi yako ughaibuni. Mwaka 2012 Metropolitan Museum ya New York ilifungua maonyesho ya mkusanyo wa Marshall na Marilyn Wolf. Sina ugomvi na waliotunza. Ila soma maelezo yake: utakuta kabila, karne, jina la aliyetoa zawadi. La sonara hukuti.

Picha ziko kwenye tovuti ya makumbusho hayo, bure. Anzeni na asyk.