Ukiishi naye kinyumba, nyumba ni ya nani?

Huku kwetu Kinondo kuna imani iliyoota mizizi: kwamba mwanamke akikaa na mwanamume miaka miwili bila nikaha, wengine husema miezi sita, tayari sheria imemfanya mke na nusu ya mali ni yake. Nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye matatu za Ukunda, na nimeisikia kwa watu waliosoma. Si kweli. Hakuna sheria ya Kenya inayohesabu miezi au miaka ikamgeuza mtu kuwa mke.

Nadhani imani hii imevuka mpaka. Ukishapita Lungalunga na kuingia Horohoro, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulikana kama mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Upande wetu, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kuishi kinyumba kumeelezwa maana yake tu, basi. Hakukupewa haki.

Kilichokuwepo Kenya ni dhana ya majaji. Tangu miaka ya 1970 mahakama zimekuwa zikiwachukulia baadhi ya watu kuwa ni wanandoa kwa jinsi walivyoishi, hasa mmoja anapokufa na mwenzake kubaki mikono mitupu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliubana mlango huo. Kesi ile inajulikana kwa herufi za wahusika, MNK na POM. Walianza kuishi pamoja mwaka 1986. Kikapatikana kiwanja Dagoretti, Nairobi, kikaandikwa jina la mwanamke, na vikajengwa vyumba vya kupangisha. Mwaka 2011 wakaachana, na mwanamume akajikuta nje. Naam, safari hii aliyekuwa analia ni mwanamume.

Mahakama ya Rufani ilikuwa imesema hawa ni mke na mume, wagawane nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikakataa. Ilisema ili watu wadhaniwe kuwa wameoana lazima wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe na uwezo kisheria wa kuoana, wawe wamekusudia kuoana, wote wawili wawe wameridhia, na wawe wamejionyesha kwa watu kuwa ni mke na mume. Anayedai ndiye wa kuthibitisha. Majaji walisema wazi kwamba dhana hii itumike kwa nadra, kwani siku hizi wako watu wanaoishi pamoja kwa hiari yao bila nia yoyote ya kuoana, nao wasilazimishiwe ndoa.

Lakini kesi haikuishia hapo, na hapa ndipo ningependa msomaji atue. Baada ya kukataa ndoa, mahakama iliuliza swali jingine: nani alitoa nini? Ikaona yule mwanamume alichangia kununua na kuendeleza ile mali. Basi mwenye jina kwenye hati, ikasema, ameshika sehemu ya mwenzake kwa amana. Mwanamke akapewa asilimia 70, mwanamume asilimia 30.

Amana ni neno tunalolijua vizuri. Hata hivyo, tazama tofauti. Mke wa ndoa analindwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013: hawezi kutolewa kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, na kupika, kulea watoto na kulima shamba ni mchango unaohesabiwa. Anayeishi kinyumba hana kinga hiyo. Anasimama mahakamani kama mtu aliyeweka pesa kwenye mali ya mwenzake, na lazima aonyeshe pesa hizo.

Angalieni basi Diani na Galu. Katiba inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja; mwisho wake ni kukodi kwa miaka 99. Kwa hiyo nyumba ngapi zimeandikwa jina la msichana au kijana wa hapa huku pesa zikitoka Ulaya? Wengi wanadhani jina kwenye hati limemaliza maneno. Na upande wa pili, wako dada zetu waliouza dhahabu yao wakanunua mabati na saruji, nyumba ikasimama kwenye shamba la ukoo wa mwanamume. Wakigombana, yeye hana hata karatasi.

Kwa hiyo risiti za duka la vifaa ziwekwe. Ujumbe wa M-Pesa kwa fundi usifutwe. Makubaliano yaandikwe mbele ya wakili, mashahidi watie sahihi, na kama kuna hati, majina mawili yaingie na fungu la kila mmoja litajwe. Kifo kikitokea mambo huwa magumu zaidi, kwani marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2021 yanamtambua kama mke au mume yule tu anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa.

Najua kuna atakayesema ninapamba zinaa. Siipambi, ni haramu na itabaki haramu. Ila dhuluma nayo ni haramu, na jasho la mtu haligeuki halali kwa mwingine kwa sababu hapakuwa na nikaha. Watoto ni habari nyingine: Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto wa nje ya ndoa asinyimwe urithi wa baba Mwislamu, na masheikh wengi hawakuridhika. Hilo linahitaji makala yake.

Kuna kundi moja linalojichanganya na hawa bila sababu. Ni wale waliofunga nikaha kwa sheikh wa mtaani, walii akiwepo, mahari yakatajwa, halafu wasiende kusajili. Hao hawaishi kinyumba, ni mke na mume, ila hawana cheti. Mzozo wao wa ndoa, talaka au mirathi unaweza kusikizwa na Kadhi ikiwa wote ni Waislamu na wamekubali mahakama yake. Waende kwa Kadhi Kwale sasa, wakati yule walii na wale mashahidi wawili bado wako hai na wanakumbuka siku yenyewe.