Sanduku la Kufuli Tatu: Imani ya Kikristo na Biashara katika Arua na Koboko

Kuna fundisho linalosikika sana siku hizi katika makanisa ya mijini: mfanyabiashara akimtii Mungu, akatoa zaka na kuomba bila kuchoka, biashara yake itastawi. Nalikataa fundisho hilo, na ushahidi hauko mbali. Katika soko la Awindiri, mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Mkristo na Mwislamu wanauza bega kwa bega, na biashara ya West Nile, kuanzia Arua hadi Koboko, kwa miaka mingi imebebwa kwa sehemu kubwa na Wanubi na Waaringa, ambao wengi wao ni Waislamu. Ikiwa faida ni ujira wa utii wa Kikristo, hao nani amewalipa? Tuwakumbuke pia Wakristo waliopoteza maduka, ng'ombe na akiba walipokimbilia Zaire (Congo ya leo) na Sudan baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979. Kuwaambia kwamba imani yao ilipungua ni kuwadhulumu mara ya pili.

Imani haimhakikishii mtu faida. Kazi yake, katika biashara, ni kumzuia kudhulumu pale ambapo angeweza kufanya hivyo bila kuonekana. Na zuio hilo linabaki maneno matupu mpaka lipewe umbo ambalo hata asiye Mkristo anaweza kulikagua: kipimo, daftari, kufuli.

Tuanze na kipimo. Sokoni, simsim na maharage ya rejareja hupimwa kwa mkebe au beseni. Mkebe uliobonyezwa kitako unaweza kumpunguzia mnunuzi konzi nzima. Muuzaji anaujaza, anaurundika juu mpaka punje zinamwagika pembeni, na mnunuzi anaona amepewa nyongeza. Kilichopunguzwa kiko chini, ambako hakuna anayetazama, na anayeumia zaidi ni mama anayenunua mkebe mmoja mmoja kila jioni, kwa kuwa hana fedha za gunia. Sura ya 11 ya Mithali inafunguka na jambo hilihili, na sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati inamkataza mtu kuweka nyumbani vipimo viwili. Waandishi wa kale walilijua soko. Inasikitisha kwamba mahubiri mengi yanaruka sura hizo na kukimbilia mbegu na mavuno.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Shirika la kimisionari la Africa Inland Mission lilifika Arua mwaka 1918, likajenga kituo chake Mvara na kufanya kazi ndani ya Kanisa la Anglikana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ukafika uamsho wa Walokole, yaani "waliookoka", ambao chimbuko lake ni mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kilimani Namirembe mwaka 1929, na moto ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka iliyofuata. Watu huwakumbuka Walokole kwa nyimbo na maungamo ya hadharani. Mimi naona urithi wao mkubwa zaidi ni marejesho. Aliyeokoka alitarajiwa kwenda kwa mwenye mali, kumtazama usoni, kutaja alichoiba na kukilipa, kama Zakayo katika sura ya 19 ya Luka. Hapo toba ilipata hesabu: fedha kiasi gani, kwa nani, lini. Sijui nidhamu ya biashara iliyo kali kuliko hiyo.

Uamsho huo nao ulikuwa na mipaka yake. Kuanzia mwaka 1971, Walokole waliomfuata Yona Mondo walihesabu kukopa kuwa dhambi. Naielewa hofu yao, maana deni limevunja nyumba nyingi. Lakini mchuuzi asiyekubali bidhaa kwa mali kauli atabaki na meza moja maisha yake yote, na mwenye mtaji wa kurithi atazidi kumwacha nyuma. Kinachohitajika ni namna ya kukopeshana isiyomfanya ndugu kuwa adui.

Mwanasosholojia Max Weber aliligusa swali hili la kuaminiana mwaka 1906, baada ya safari yake ya Marekani. Anasimulia ubatizo alioushuhudia North Carolina, ambapo jamaa zake walimweleza kwamba mmoja wa waliobatizwa alikusudia kufungua benki. Kukubaliwa na Wabaptisti kulikuwa cheti cha kuaminika hata kwa wateja wasio wa kanisa hilo. Cheti cha namna hiyo kipo hata kwetu. Ndugu katika Kristo anapewa magunia bila maandishi, kwa kuwa Mungu ni shahidi. Akishindwa kulipa, mdai anaona haya kumshitaki, mdaiwa anaacha kuja ibadani, na kanisa linapoteza wote wawili. Pia jirani Mwislamu aliye mwaminifu anabaki nje ya mlango, kwa kosa la kutoimba kwaya.

Hapa vikundi vya kuweka na kukopa vina la kutufundisha. Mfumo huo, ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea hadi vijiji vya West Nile, unatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hutunzwa na wa nne. Halifunguliwi ila wanachama wote wakiwa wamekaa, fedha zikahesabiwa kwa sauti. Wapo waumini wanaoona kwamba kufuli hizo ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naziona kuwa theolojia sahihi. Anayekiri kila Jumapili kwamba binadamu wote ni wenye dhambi hana budi kumkinga mweka hazina na majaribu, hata akiwa mke wa mchungaji. Wakatoliki wa Uganda walilifanya jambo hili kwa kiwango kikubwa: mfuko ulioanzishwa na walei mwaka 1983 uligeuka kuwa benki ya biashara mwaka 1993, Centenary Bank, inayokaguliwa kama benki nyingine yoyote na kumhudumia mtu wa dini yoyote.

Suala gumu kuliko yote ni mpaka. Eneo hili la West Nile lilikuwa chini ya Wabelgiji hadi 1910, likahamia Sudan, kisha Uganda mwaka 1914. Walugbara waligawanywa kati ya Uganda na Congo, Wakakwa kati ya nchi tatu. Kwa mtu wa Koboko, kupeleka sabuni kwa shemeji yake ng'ambo ya pili hakufanani na uhalifu. Mtafiti Kristof Titeca ameandika jinsi vijana wauza petroli ya magendo mjini Arua, waliojiita OPEC Boys, walivyokubalika kwa wenyeji waliowaona wakitoa huduma na kujipatia riziki. Makanisa yamenyamaza, na kimya hicho kinawanufaisha wakubwa. Mwanamke mwenye mzigo kichwani na tajiri mwenye lori hawawezi kuhukumiwa kwa kipimo kimoja. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Congo mwaka 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Mchungaji anayemfundisha mama huyo kukidai cheti hicho amemsaidia kuliko anayeombea mzigo wake usikamatwe. Mwenye lori alipe ushuru, naye aambiwe hivyo waziwazi hata kama ndiye aliyenunua mabati ya kanisa.

Yupo pia msichana wa dukani, anayefungua saa 1 asubuhi na kufunga usiku. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, irekebishwe mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kuchangia asilimia 10 ya mshahara, juu ya asilimia 5 anayokatwa mfanyakazi. Ni sehemu ya kumi, hesabu ambayo kila mtoa zaka anaijua kwa moyo. Zaka hutangazwa kanisani, mchango huu hautangazwi. Kabla ya kumkabidhi tajiri uenyekiti wa kamati ya ujenzi, wazee wa kanisa wamwombe, kwa heshima zote, risiti zake za NSSF.