Kaisari: jina lililogeuka cheo

Hapo mwanzo Kaisari lilikuwa jina la ukoo tu. Julius Caesar mwenyewe aliuawa Machi 44 KK akiwa dikteta wa maisha, si mfalme. Octavian, mjukuu wa dada yake, alirithi jina kwa wosia. Mwaka 27 KK Seneti ikamwongezea la Augustus. Mjanja kweli: makonsuli waliendelea kuchaguliwa, Seneti ikaendelea na vikao, naye akajiita raia wa kwanza. Ila majeshi yalimtii yeye. Mwaka 41 BK Claudius, asiye wa ukoo huo, alijitwalia jina alipotawazwa na askari walinzi; ndipo jina likageuka cheo. Wajerumani hulitamka Kaiser, na Dar es Salaam ilitawaliwa kwa jina hilo hadi 1916.