Darubini inayojitafutia nyota

Kabla ya kuanza kazi, darubini ya kompyuta huuliza maswali. Uko wapi? Leo ni tarehe ngapi? Saa hizi ni saa ngapi? Maandishi yake huwaka mekundu kwenye rimoti inayoenea kiganjani, kwa kuwa mwanga mweupe huharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Saa mbili usiku, kwa mashine, ni 20:00. Ukiiandikia 2 inaamini kwamba usiku wa manane umeshapita. Nyingi hutaka mwezi utangulie siku, kama Wamarekani waandikavyo tarehe. Na ukiwa Dar es Salaam ukasahau kubadili Magharibi kuwa Mashariki, darubini hujihesabu kuwa iko Brazil, kisha huelekea ardhini na kukuarifu kwamba imefika kwenye Zohali.

Ukiijibu sawasawa, hukuomba uielekeze kwenye nyota mbili au tatu angavu. Baada ya hapo mota hulia, bomba hugeuka lenyewe, hupunguza mwendo, hutulia. Unaweka jicho. Zohali iko hapo, na pete yake imejitenga na mwili wa sayari kama ukingo wa kofia.

Mashine hiyo ina historia ya zaidi ya karne mbili, na sehemu kubwa ya historia hiyo si ya maprofesa. William Herschel alikuwa mwanamuziki katika mji wa Bath, Uingereza, aliyesugua vioo vya darubini nyumbani akisaidiwa na dada yake, Caroline. Usiku wa 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, aliiona Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Katika miaka ya 1920, huko Springfield, Vermont, Russell Porter, msanii aliyewahi kusafiri na wavumbuzi wa Aktiki, aliwafundisha mafundi wa viwanda vya mji ule kusugua vioo vyao. Jarida la Scientific American liliandika habari zao mwaka 1925, na watu wengi kote Marekani wakaanza kusugua vya kwao.

Kuipata darubini kukawa rahisi. Kukipata kitu angani hakukuwa rahisi. Mtu alikaa na ramani na tochi nyekundu, akihama kutoka nyota hii hadi ile, na akilifikia wingu la nyota alilolitafuta saa nzima, anga lilikuwa limeshasogea. Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4. Kwa darubini inayokuza mara 200, sayari iliyokuwa katikati hutoka nje ya duara unalolitazama kwa muda usiozidi dakika moja. Fikiria foleni ya wanafunzi hamsini: kila mmoja akitazama, mwalimu lazima aisukume tena darubini.

Wazungu walikuwa na dawa ya zamani ya tatizo hili. Waliinamisha mhimili mmoja wa darubini ukaelekea Nyota ya Kaskazini, sambamba na mhimili wa dunia, na mota moja inayozunguka taratibu ikatosha kuifuata nyota yoyote. London nyota hiyo iko nyuzi 51 juu ya upeo wa macho, mahali pazuri kabisa. Nairobi iko upeoni kabisa, nyuma ya miti na nyumba. Ncha ya kusini ya anga, kwa mtu wa Dar es Salaam, haifiki nyuzi 7 juu ya upeo, wala haina nyota angavu ya kuionyesha. Kifaa kilichobuniwa kwa anga la kaskazini kilitutaka sisi wa Ikweta tukilaze karibu sambamba na ardhi, kisha tukielekeze mahali tusipopaona. Naitaja habari hii kwa kirefu kwa sababu huandikwa mara chache, ilhali kwetu ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Njia nyepesi ni darubini inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, kama mzinga. Lakini ili iifuate nyota, mota zake mbili lazima zibadili mwendo kila wakati, na hesabu hiyo huhitaji kompyuta. Darubini kubwa ya Palomar huko California, ambayo Porter mwenyewe alisaidia kuibuni, ilizinduliwa mwaka 1948 ikiwa ya mtindo ule wa zamani. Ni Wasovieti waliothubutu: mwaka 1975, katika milima ya Kaukazi, walianza kutumia darubini yenye kioo cha kipenyo cha mita 6 iliyoongozwa kwa kompyuta katika pande zote mbili.

Kwa watu wa kawaida, kazi ilifanywa California. Tom Johnson, mwenye kampuni ya vifaa vya elektroniki, alianza kwa kuwatengenezea wanawe darubini. Mwaka 1970 kampuni yake, Celestron, ilitoa darubini fupi nene yenye kioo cha inchi 8. Ilitumia lenzi nyembamba iliyobuniwa mwaka 1930 na Bernhard Schmidt, fundi mzaliwa wa Estonia aliyepoteza mkono wa kulia utotoni akichezea baruti. Lenzi ile ilikuwa ngumu mno kusugua. Johnson aligundua namna ya kuitoa kwa wingi. Mwaka 1987 Celestron iliiwekea darubini ya namna hiyo kompyuta, kwa bei ya wenye fedha tu. Mwaka 1992 washindani wao, Meade, walileta LX200, na mwaka 1999 kampuni zote mbili zilikuwa zikiuza darubini ndogo za kompyuta kwa bei ambayo familia ya kawaida ya Marekani iliimudu. Siku hizi rimoti moja huweza kuhifadhi mahali pa vitu karibu 40,000.

Wazee wa fani walinung'unika: mtu atabonyeza vitufe bila kulijua anga. Aliyewakilisha njia nyingine ni John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco, aliyejenga darubini kubwa kwa plywood na mabomba ya karatasi ngumu, akaziweka kandokando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Namheshimu sana Dobson. Hata hivyo, mbele ya foleni ya watoto hamsini nachagua mota. Mwisho wa kazi ni mtoto aone, na darubini inayojiendesha yenyewe humpa kila mmoja zamu iliyo sawa.

Tena si kweli kwamba mashine imeondoa elimu. Orodha ya nyota inayokutaka uchague imejaa Kiarabu ambacho mtu wa pwani hukitambua nusu nusu: Rigel ni mguu, Deneb ni mkia, Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Aldebaran maana yake ni afuataye, kwa kuwa huifuata Kilimia, kundi lile lile ambalo wakulima wetu walilitazama kujua msimu wa kulima.

Sasa hata hatua hiyo ya kuchagua nyota inaondoka. Seestar S50, iliyotoka China mwaka 2023, haina mahali pa kuweka jicho: hupiga picha ya anga, huilinganisha na ramani iliyo ndani yake, hujua imeelekea wapi, kisha hutuma picha kwenye simu. Picha zake ni nzuri. Lakini mtoto aliyeiona Zohali kwa jicho lake ameupokea mwanga wenyewe, na tofauti hiyo hujionyesha usoni mwake. Nchini Kenya, tangu 2014, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizunguka na darubini mashuleni kwa ajili hiyo hiyo.

Kama shuleni kwenu ipo darubini iliyofungiwa stoo kwa kuwa ilionekana ngumu, itoeni. Itieni betri mpya. Andikeni mwezi kwanza, 20:00, Kusini, Mashariki, kisha ichagulieni nyota tatu.