Ruzuku na Kalenda ya Njaa: Fedha Taslimu katika Kaya Maskini za Singida

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwafundisha Watanzania kuishuku fedha. Lilishikilia kwamba fedha ni zao la maendeleo na haiwezi kuwa msingi wake, na kwamba nchi maskini inayoweka matumaini katika fedha, hasa za kupewa, imejidanganya. Miaka 45 baadaye, Agosti 2012, Serikali ya nchi hiyohiyo ilizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao kiini chake ni kumkabidhi maskini noti mkononi. Sioni kama mvutano huo umewahi kumalizwa. Mlengwa bado husimangwa kijijini kwamba analishwa na Serikali, na watetezi wa ruzuku nao hukimbilia kutaja nyumba ya bati na mradi wa kuku, utadhani mtoto kushiba si hoja inayojitosheleza.

Makala haya yanadai kwamba katika mkoa kama Singida manufaa makubwa ya ruzuku hayaonekani dukani. Yako katika vitu ambavyo kaya imenusurika kuviuza: nguvu zake, mtama wake, mbuzi wake. Dai hilo likikubaliwa, siku ya malipo inakuwa na uzito unaokaribia ule wa kiasi chenyewe.

Kiasi ni kidogo, na ni vema kukiri hivyo mapema. Katika viwango vya kipindi cha kwanza cha Mpango, kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi, shilingi 4,000 zaidi ikiwa na watoto, na shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi anayehudhuria masomo. Tuchukue kaya ya kubuni: mjane, mama mkwe wake, mtoto asiyeanza shule na wanafunzi wawili. Kwa mwezi wanapata shilingi 18,000, yaani 600 kwa siku kwa watu watano. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Hakuna hesabu itakayoivusha kaya hiyo mstari kwa ruzuku peke yake. Kwa nini basi maisha yabadilike?

Jibu liko kwenye kalenda. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma mnamo Aprili. Mtama, uwele na alizeti huvunwa kuanzia Mei. Kaya maskini humaliza chakula cha ghalani kabla ya mvua au zinapoanza tu, wakati ambapo shamba linadai jembe. Mama huyo hana cha kupika jioni, hivyo asubuhi anakwenda kufanya kibarua cha kulima kwa jirani mwenye uwezo, akalipwa fedha kidogo au debe la mahindi. Shamba lake analigusa akishamaliza la mwenzake. Katika nchi kame, wiki mbili za kuchelewa kupanda ni hasara isiyofidiwa na palizi wala dua. Mei inapofika anavuna kidogo, analipa madeni kwa mtama huohuo bei ikiwa chini kabisa, na Desemba anarudi kwa jirani yuleyule. Waliompa kibarua si watu wabaya. Pengine ndio waliomnusuru. Hata hivyo, kila mwaka jembe lake linaboresha shamba la mtu mwingine.

Shilingi 36,000 za miezi miwili zikifika Novemba, mzunguko huo unaweza kukatika. Haziwezi kuilisha kaya msimu mzima, ila zinamnunulia mama siku kadhaa za kubaki shambani kwake. Thamani ya siku hizo haionekani kwenye dodoso linalouliza umenunua nini.

Mifugo nayo ina kalenda yake. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu uchumi wa Wanyaturu, alionyesha jinsi nafaka ya ziada ilivyogeuzwa mifugo, na ng'ombe wakawa hazina. Kaya maskini za leo zinapanda ngazi hiyohiyo kuanzia chini, kwa kuku wa kienyeji, hao ambao mkoa unasifika kwao na ambao husafirishwa kwenye matenga hadi Dodoma na Dar es Salaam. Kuku ni akiba ya hatari. Mdondo ukiingia unaweza kufagia banda zima, na usipoingia, mtoto akiugua au sare ikichanika, tetea anayetaga anafungwa miguu na kupelekwa mnadani. Mnunuzi humtazama muuzaji usoni kabla ya kumpima kuku. Mwenye shida anajulikana, na bei hushuka papo hapo. Kaya yenye uhakika wa fedha wiki ijayo inaweza kukataa bei hiyo. Inaweza pia kuchanja. Jaribio la TASAF katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, lililolinganisha vijiji 40 vilivyopata ruzuku na 40 vilivyosubiri, liligundua kwamba walengwa waliongeza mifugo midogo, walijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii na kuwanunulia watoto viatu. Bima na mbuzi ni kinga. Waliopewa fedha walinunua usalama kwanza, na kwa yeyote anayeijua hali ya hewa ya Chamwino, jirani yetu wa Dodoma, hilo si ajabu.

Kuhusu pombe sitakaa sana. David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali na hawakuona ruzuku ikiongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Anayeendelea kulitoa shtaka hilo ana wajibu wa kuleta ushahidi wake.

Kinachostahili mjadala ni uhakika wa malipo. Nchini Kenya, shirika la GiveDirectly limelinganisha kaya zilizopewa fedha kwa mkupuo, zilizoahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka miwili, na zilizoahidiwa kwa miaka 12. Wa mkupuo na wa miaka 12 walianzisha biashara zaidi kuliko wa miaka miwili, ingawa wa miaka 12 na wa miaka miwili walikuwa wakipokea kiasi kilekile kwa mwezi. Wa miaka 12 waliamini ahadi, wakaingia kwenye michezo ya kupeana kwa zamu na kujitengenezea mkupuo wao wenyewe. Mama wa Singida naye anaweza kucheza upatu, lakini wenzake hawatamkubali kama hajui fedha zake zinafika lini. Dirisha la malipo likiteleza mwezi mmoja kutoka Novemba, kibarua kimeshafanyika na tetea ameshauzwa. Kwenye vitabu vya Mpango malipo hayo yatahesabika kuwa yamefika, tena kwa kiasi kamili. Kwa kaya, zilizofika ni fedha nyingine: za kulipa deni la dukani.

Kwa hiyo malipo ya Novemba hadi Januari katika mikoa ya msimu mmoja yanapaswa kupewa kipaumbele kuliko mengine yote, hata kama ratiba ya kitaifa itapoteza unadhifu wake.

Suala la kuhitimu linafuata mantiki hiyohiyo. Kaya inayoonekana imeimarika huondolewa ili kuwapisha wengine, na kimsingi sina ugomvi na utaratibu huo. Shida ni kipimo. Mbuzi watatu walionona mwezi Julai ni mali. Mvua zikikatika Februari, wenye mbuzi wote wanapeleka mnadani siku moja, bei ya mbuzi inaporomoka huku ya debe la mahindi ikipanda, na mbuzi watatu wanakuwa chakula cha wiki chache. Kaya ileile, ikipimwa Julai inahitimu. Ikipimwa Februari inastahili kuandikishwa upya.