Vita vya Mgongoni mwa Adui: Tabora na Njia ya Misafara, 1914–1917

Tabora ni mji uliokuwa njia panda ya misafara kabla reli haijafika. Mizigo ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha ikaendelea Ujiji au ikapinda kaskazini kuelekea Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kisima kisichokauka kiangazi, mtemi anayedai hongo na pori lenye mbung'o. Wajerumani walifuata takriban njia hiyo walipojenga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, maarifa ya aina hiyo, ya njia na maji, yakawa silaha. Kutoka upande wa Kilimanjaro, Wajerumani walituma vikosi vidogo kuvuka nyika kavu na kutega baruti kwenye reli ya Uganda ya Waingereza. Kiu iliwatesa kuliko risasi. Bila mtu anayejua maji, baruti isingefika relini. Waingereza nao walimtuma mwindaji Pieter Pretorius kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha Rufiji. Alitegemea habari za wenyeji, na Julai 1915 meli hiyo ikaangamizwa.

Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur. Mwaka uliofuata vita vilirudi kwa mlango wa nyuma. Februari 1917 Kapteni Max Wintgens wa jeshi la Wajerumani, akiwa na askari wapatao 500, alijitenga na wenzake upande wa Songea, akageukia kaskazini, katikati ya nchi ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa adui. Mwezi Mei, akiwa hajiwezi kwa maradhi, alijisalimisha kwa Wabelgiji katika eneo la Tabora. Mjerumani mwenzake Heinrich Naumann akashika uongozi, akavuka Reli ya Kati mashariki ya mji, akapita Usukuma na Ikoma, akashambulia Kondoa na hata stesheni ya Kahe. Maelfu ya wanajeshi walikisaka kikosi hicho kwa takriban miezi minane kabla hakijasalimu amri.

Kikosi hicho hakikuwa na bohari. Kiliishi kwa nafaka, ng'ombe na mabega ya wanavijiji, na waliokifukuza walichukua yaliyobaki. Baadaye Naumann alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza kwa matendo ya safari hiyo. Huko Ugogo, kwenye njia ileile ya misafara, chakula na mifugo iliyochukuliwa na majeshi, pamoja na ukame, vilizaa njaa ya Mtunya.

Vitabu vimewahifadhi Wintgens, Naumann na Tombeur. Lakini upelelezi na hujuma vilisimama juu ya Waafrika walioonyesha njia, wakabeba baruti, wakatoa chakula walichohitaji watoto wao. Historia ya vita hivi haijakamilika mpaka ianze na wao. Kazi hiyo ni yetu, tuanze kwa kuandika masimulizi ambayo koo za Tabora zimerithishana.